Kabla ya Ellie Alikuwepo Tracker McDyke

Mwaka 1989, katika mtaa wa Castro jijini San Francisco, mpelelezi wa kike aliingia kazini kumtafuta rafiki yake aliyetekwa. Mpelelezi aliitwa Tracker McDyke. Rafiki, Tessy LaFemme, alikuwa msanii wa kiume anayepanda jukwaani akiwa amevaa mavazi ya kike. Wote wawili walikuwa michoro ya rangi nyeusi na nyeupe kwenye kioo kidogo cha kompyuta ya Macintosh. Aliyewachora, C.M. Ralph, alikuwa mwanamke anayependa wanawake, sawa na mpelelezi wake. Gemu yake, Caper in the Castro, ndiyo ya kwanza inayojulikana kuwaweka watu wa jamii ya LGBTQ katikati ya hadithi, ikatungwa na mmoja wao kwa ajili yao wenyewe.

Castro ya miaka ile ilikuwa mahali pa shangwe na pa matanga kwa wakati mmoja. Huko ndiko Harvey Milk alikokuwa na duka lake la kamera kabla ya kuchaguliwa kuwa diwani mwaka 1977, akauawa mwaka uliofuata. Miaka kumi baadaye UKIMWI ulikuwa ukiwamaliza vijana wa mtaa huo mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1989 idadi ya wagonjwa walioripotiwa Marekani ilivuka 100,000, na mseto wa dawa ambao ungekuja kuutuliza ugonjwa huo ulikuwa bado miaka kadhaa mbele. Ralph alikuwa amehamia eneo hilo na mpenzi wake mwishoni mwa miaka ya 1980, na alichokiona kilimgusa. Gemu yake hakuiuza. Aliisambaza kupitia mbao za matangazo za kielektroniki, zile ambazo mtu alizifikia kwa kuiunganisha kompyuta yake na waya wa simu ya mezani, na humo ndani akamwomba kila atakayeicheza atoe mchango kwa shirika lolote linalowahudumia wagonjwa wa UKIMWI.

Kazi hiyo isingewezekana bila HyperCard. Programu hiyo, iliyobuniwa na Bill Atkinson, ilianza kutolewa na Apple mwaka 1987 pamoja na kompyuta zake. Mtunzi alichora kadi moja moja, akaweka vitufe, akaamua kila kitufe kimpeleke mchezaji kwenye kadi gani. Hakuhitaji shahada ya uhandisi, mwekezaji, wala meneja wa mauzo wa kumuuliza nani atainunua. Mtu mwenye hadithi ambayo kampuni zisingeigusa sasa aliweza kuitunga mezani kwake, na usiku huo huo mgeni wa mji mwingine akawa anaicheza.

Ralph alitengeneza pia toleo la pili, Murder on Main Street, lililouzwa kwa wateja wa kawaida na kampuni ya Heizer Software. Upelelezi ulikuwa ule ule na mafumbo yale yale. Kilichobadilishwa ni wahusika: waliotoka Castro waliondolewa, wakawekwa wengine wasiomshtua mtu. Aliyetoa pesa zake dukani hakujua kwamba anacheza kazi ya mwanamke anayependa wanawake, iliyokwanguliwa kila alama ya asili yake. Hayo ndiyo yaliyokuwa masharti ya soko: kipaji kilipokelewa, mwenye kipaji akabaki nje.

Kisha gemu yenyewe ikatoweka. Kompyuta zilibadilika, diski zikazeeka, na kwa miaka mingi ilitajwa tu na waliowahi kuicheza. Ilirudi kwa sababu Ralph alikuwa amezihifadhi diski zake, na kwa sababu Adrienne Shaw, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Temple mjini Philadelphia, alikuwa ameanzisha hifadhi ya kumbukumbu za gemu zenye wahusika wa jinsia na mapenzi ya aina zote. Tangu mwaka 2017 mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kumwongoza Tracker McDyke kupitia Internet Archive, bila kumiliki Macintosh ya kale. Bila diski hizo, mwanzo wa historia hii ungesimuliwa kwa majina ya watu wengine kabisa.

Na majina hayo yapo. Mwaka 1986, miaka mitatu kabla ya Tracker, kampuni ya Infocom ya Massachusetts ilitoa Moonmist, mchezo wa maandishi matupu ulioandikwa na Stu Galley na Jim Lawrence. Mchezaji huzuru ngome ya kale huko Cornwall, Uingereza, akachunguza habari za mzuka, na kisa hubadilika kulingana na rangi anayoichagua mwanzoni. Mna matoleo manne ya kisa. Katika mojawapo, msanii Vivien Pentreath anagundulika kuwa alimpenda Deirdre, msichana ambaye sasa ni marehemu. Huyu Vivien ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa mwanamke wa kwanza wa aina yake katika gemu za biashara. Ameingia akiwa mfiwa na mshukiwa, siri yake ikiwa ni kidokezo cha kumnasa. Tracker ndiye anayeshika tochi na kuuliza maswali. Kuhesabu nani alitangulia hakutoshi. Mtu ana haki ya kuuliza pia yule wa kwanza alikuwa nani ndani ya hadithi, na aliandikwa kwa ajili ya macho ya nani.

Miaka iliyofuata ilikuwa mikavu kwa gemu za sebuleni. Nintendo ya Marekani ilikuwa na kanuni zake za maadili, na chochote kilichonukia ngono kilichujwa kabla ya kufika madukani. Kwenye kompyuta uzio ulikuwa na mianya. Mwaka 1998 Fallout 2 ilimruhusu mhusika wa kike kumwoa Miria katika kijiji cha Modoc, ndoa ya kulazimishwa na baba mwenye bunduki, na kijiji hakikushangaa. Mwaka 1999 huko Norway, kampuni ya Funcom ilitoa The Longest Journey. Mwenye nyumba anayopanga April, shujaa wa hadithi, ni Fiona, na Fiona anaishi na mpenzi wake Mickey. Wawili hao hawafi, hawatubu, wala hawafichuliwi. Wanaishi pamoja kama watu wazima wengine, wakidai kodi.

Mwaka huo huo wa 1999 lilitokea jambo lililobadilisha mkondo wote, nalo lilianza na karatasi isiyo sahihi.

Kampuni ya Maxis, kwa ubunifu wa Will Wright, ilikuwa ikitengeneza The Sims, gemu isiyo na adui wala ushindi: watu wadogo wanapika, wanaoga, wanagombana, wanapendana. Ndani ya kampuni palikuwa na mjadala kuhusu mapenzi ya jinsia moja, na uamuzi ukawa kuyaacha nje. Kijana mmoja, Patrick J. Barrett III, aliajiriwa kuandika programu ya jinsi wahusika wanavyohusiana, akapewa waraka wa maelekezo. Waraka ule ulikuwa wa zamani, wa kabla ya uamuzi. Barrett, ambaye mwenyewe ni mwanamume anayependa wanaume, aliufuata kama alivyoukuta. Akawapa wahusika uwezo wa kumpenda yeyote, na hakuna aliyemwambia afute.

Ilipofika maonyesho ya E3 mjini Los Angeles, The Sims ilikuwa gemu ambayo wakubwa wa Electronic Arts, iliyoimiliki Maxis, walikuwa hawana imani nayo. Moja ya matukio yaliyoandaliwa kwa ajili ya waandishi wa habari lilikuwa harusi. Bwana na bibi harusi walipangiwa la kufanya, lakini muda haukutosha kuwapangia wageni wote. Wageni wakaachwa wajiendeshe wenyewe. Mbele ya wanahabari, wanawake wawili waalikwa wakavutiana, wakasogeleana, wakabusiana. Hakuna mtu aliyebonyeza kitufe. Ilikuwa programu ya Barrett ikifanya kazi yake.

Gemu ambayo ingeweza kufutwa ikawa gumzo la ukumbi. Ilitoka Februari 2000, na kufikia 2002 ilikuwa imeipita Myst na kuwa gemu ya kompyuta iliyouzwa kuliko zote hadi wakati huo. Mamilioni ya wasichana na wavulana walijenga nyumba, wakawaweka wanawake wawili ndani, wakawapikia, wakawalaza, na dunia haikuanguka. Wengi wao hawakuwa na mahali pengine pa kuona jambo hilo likiwa la kawaida hivyo. Hata hivyo Maxis haikufika mwisho wa safari kwa siku moja. Katika The Sims 2 ya mwaka 2004 wawili wa jinsia moja walipewa muungano wenye jina tofauti na ndoa. Ndoa iliyo sawa na ya wengine ilikuja na The Sims 3 mwaka 2009, miaka sita kabla ya Mahakama Kuu ya Marekani kuihalalisha nchi nzima.

Mlango ulipofunguka, wafanyabiashara nao waliingia. Fear Effect 2: Retro Helix ilitoka kwenye PlayStation mwaka 2001 ikiwa na mashujaa wawili, Hana Tsu-Vachel na Rain Qin, waliokuwa wapenzi. Ingeweza kuwa hatua kubwa: wanawake wawili wenye silaha, wenye akili, wanaolindana. Lakini matangazo yake yaliwauza kwa miili yao, na ndani ya gemu kuna tukio la kwenye lifti ambapo wanavua nguo na kushikana ili mlinzi anayewatazama kwenye skrini apumbazike. Mlinzi yule anasimama badala ya mteja aliyelengwa. Hana na Rain hawakuandikiwa msichana wa miaka kumi na sita aliyekuwa akijitafuta. Waliandikiwa kijana wa kiume ambaye kampuni ilidhani ndiye mwenye pochi. Wapo wanawake waliowapenda hata hivyo, wakachukua walichoweza kutoka kwenye meza ambayo haikuandaliwa kwa ajili yao.

Huko Kanada, kampuni ya BioWare ilikuwa ikienda kwa mwendo wa kunyata. Katika Star Wars: Knights of the Old Republic ya mwaka 2003 yumo Juhani, mpiganaji wa Jedi anayeweza kumpenda mchezaji, mradi mchezaji awe ametengeneza mhusika wa kike na awe na subira ya kumwongelesha tena na tena. Wachezaji wengi waliimaliza gemu bila kujua. Mwaka 2007 ikaja Mass Effect na Liara T'Soni, wa kabila la asari ambalo lina jinsia moja tu, na watu wake wote wanaonekana kama wanawake. Maelezo hayo yaliwapa watunzi mahali pa kujificha, maana mpenzi wa kigeni kutoka sayari nyingine anaweza kutetewa kwamba si mwanamke. Singapore haikudanganyika. Novemba 2007 iliipiga marufuku gemu hiyo kwa sababu ya tukio la mapenzi kati ya Liara na Shepard, mhusika wa mchezaji, anapokuwa wa kike, kisha ikalegeza na kuiruhusu kwa wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Ilichukua hadi 2012, katika Mass Effect 3, kampuni hiyo kumweka Samantha Traynor, binadamu asiye na antena wala ngozi ya buluu, anayempenda Shepard pale tu Shepard anapokuwa mwanamke. Ukimjaribu kwa Shepard wa kiume, anakuambia wazi kwamba hapana. Hapana ile ina uzito. Hadi hapo, wapenzi wa kike wa gemu hizi waliomkubali mchezaji wa kike walikuwa, wengi wao, tayari kwa kila anayeshika kidhibiti.

Kisha Agosti 2013 ikatoka Gone Home.

Iliundwa na kikundi kidogo cha The Fullbright Company kilichofanya kazi katika nyumba moja mjini Portland, Oregon. Mwaka ndani ya hadithi ni 1995. Katie Greenbriar anarudi kutoka Ulaya usiku wa manane, kuna radi na mvua, na nyumba mpya ya wazazi wake haina mtu. Mchezaji anatembea, anafungua droo, anasoma vikaratasi. Taa zinacheza, sakafu inalia, kwenye beseni la kuogea kuna madoa mekundu. Kila aliyewahi kucheza gemu ya kutisha anajiandaa kwa maiti. Madoa yale ni rangi ya nywele. Sauti inayosikika kidogo kidogo ni ya Sam, mdogo wake Katie, akisimulia alivyompenda Lonnie, msichana wa shuleni kwao aliyekuwa akijiandaa kuingia jeshini. Wakati huo jeshi la Marekani liliwataka watu kama Lonnie wanyamaze la sivyo wafukuzwe, sheria iliyodumu hadi 2011. Kila ngazi ya kuelekea darini inamtia mchezaji hofu kwamba huko juu atamkuta Sam amejidhuru, kwa kuwa amefundishwa na vitabu na filamu kwamba wasichana hawa huishia hivyo. Huko juu anakuta daftari tu. Sam yuko hai. Ameondoka na Lonnie aliyelikimbia jeshi, wakaenda kutafuta maisha.

Hofu ile inatoka kwa mchezaji mwenyewe, katika hadithi zote alizozibeba kuingia nazo ndani ya nyumba, na gemu inaivua mikononi mwake. Walikuwepo waliolalamika kwamba kitu kisicho na bunduki si gemu. Walikuwepo wengine wengi waliolia. Steve Gaynor, mmoja wa waandishi wake wakuu, ni mwanamume, na kazi yake inaonyesha kwamba swali la nani anaandika haliishii kwenye jinsia ya mwandishi. Sam anazungumza na dada yake, kwa lugha ya dada kwa dada. Mtazamaji wa pembeni hakuachiwa kiti.

Miezi sita baadaye, tarehe 14 Februari 2014, kampuni kubwa ya Naughty Dog ilitoa Left Behind, sura ya ziada ya gemu yake The Last of Us. Ellie, ambaye mamilioni walikuwa wameshamjua na kumpenda, anazunguka na Riley katika jengo la maduka lililotelekezwa. Wanavaa vinyago, wanarushiana maji kwa bunduki za kuchezea, wanacheza muziki juu ya kaunta, na Ellie anambusu. Dakika chache baadaye wote wawili wanang'atwa na watu wenye maambukizi. Riley hatapona. Uzuri wa sura ile haukanushiki, lakini hata hapa mkono wa zamani uliomwandika Deirdre akiwa marehemu ulikuwa bado unafanya kazi. Life Is Strange, iliyotengenezwa na Dontnod ya Paris mwaka 2015, ilimweka Max Caulfield mbele ya chaguo: amwache rafiki yake Chloe afe au auache mji mzima uangamie. Wachezaji waliomwona Chloe kuwa mpenzi wa Max walikasirika kwa haki. Walitambua kwamba upendo huu unaruhusiwa kuwa mtamu mradi ulipiwe.

Mwaka 2018 Ubisoft ilitoa Assassin's Creed Odyssey na kujivunia kwamba Kassandra, askari wa kukodiwa wa Ugiriki ya kale, angempenda ambaye mchezaji anamchagua. Kuna waliompa maisha marefu ya kuwapenda wanawake tu, kisiwa hadi kisiwa, kwa saa nyingi mno. Januari 2019 ikaja sura ya ziada ambayo, mchezaji atake asitake, ilimfanya Kassandra aishi na mwanamume na kumzalia mtoto, huku tuzo ya kumaliza sehemu hiyo ikiwa na jina linaloashiria kwamba sasa amekomaa. Wachezaji walipaza sauti, Ubisoft ikaomba radhi, ikalibadilisha jina la tuzo na kurekebisha sehemu ya hadithi. Mtoto alibaki, kwa sababu ukoo wa mfululizo huo wa gemu ulimhitaji. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa tofauti kati ya kuruhusiwa na kuandikiwa. Kassandra aliruhusiwa kuwapenda wanawake, lakini hakuna aliyekaa chini kumwandikia maisha yake kwa msingi huo.

The Last of Us Part II, Juni 2020, iliandikwa kwa msingi huo. Ellie amekuwa mtu mzima, Dina ni mpenzi wake, na hadithi inabeba wivu wao, ugonjwa wao, mtoto wanayemlea shambani. Iliuza nakala zaidi ya milioni nne katika siku tatu za kwanza, ikapewa tuzo ya gemu bora ya mwaka, na ilichukiwa kwa ukali ambao uliwafikia hadi waigizaji. Miaka mitatu baadaye Aloy, shujaa wa Horizon Forbidden West, alipopewa nafasi ya kumbusu mwanamke aitwaye Seyka, busu ambalo mchezaji angeweza kulikataa, tovuti ya Metacritic ilimiminiwa alama za sifuri.

Chuki ina pia muhuri wa serikali. Desemba 2016 Blizzard ilichapisha hadithi ya katuni inayomwonyesha Tracer, sura ya mbele ya gemu yake ya Overwatch, akisherehekea sikukuu na mpenzi wake Emily. Nchini Urusi haikutolewa, kwa sababu ya sheria ya mwaka 2013 dhidi ya “propaganda” ya mapenzi ya jinsia moja kwa watoto. Mwanzoni mwa 2022 Electronic Arts ilitangaza kwamba kifurushi cha harusi cha The Sims 4, kilichotangazwa kwa picha za mabibi harusi wawili, Dominique na Camille, hakitauzwa Urusi. Mashabiki wa huko walipinga kuachwa, na baada ya siku chache kampuni ikageuza uamuzi na kukitoa bila kupunguza kitu.

Shirika la GLAAD liliripoti mwaka 2024 kwamba asilimia 17 ya wachezaji wa Marekani ni watu wa jamii ya LGBTQ, huku gemu zenye wahusika wao kwenye konsoli kubwa zikiwa chini ya asilimia 2. Kwa hiyo wengi bado wanawatafuta jamaa zao pale pale alipoanzia Ralph, kwa watunzi wanaofanya kazi peke yao. Mwaka 2017 Brianna Lei alitoa Butterfly Soup, hadithi ya wasichana wanne wa California wenye asili ya Asia, Diya, Min, Noelle na Akarsha, wanaocheza besiboli na kupendana kwa namna ya kubabaika kama vijana wote wa miaka kumi na minne. Wanabishana kuhusu wazazi wakali, alama za mtihani, mbwa, na vichekesho visivyo na maana yoyote. Lei aliiweka kwenye intaneti na kumwachia kila mtu alipe anachoweza, hata kama ni sifuri. Sehemu ya pili ilitoka mwaka 2022, na wasichana wote wanne wako hai.